Simu ya Mteja Inapotelea Wapi?

Haya ndiyo niliyowaambia wafanyabiashara wadogo hapa Arusha Jumamosi iliyopita. Mliokosa mmeniomba niyaweke, nami nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha. Hata pale ukumbini hazikusaidia sana, projekta ilizima mara mbili.

Ndugu zangu, habari za asubuhi? Hiyo ni salamu ya watu ambao hawajanywa chai. Habari za asubuhi! Naam. Itifaki imezingatiwa, naomba niingie moja kwa moja.

Toeni simu zenu. Nani humu ndani, tangu tumeingia saa tatu, ana misikoli ya namba asiyoijua? Nyoosheni mikono. Geukeni mtazamane. Ni zaidi ya nusu ya ukumbi. Sasa swali la pili, hili jibuni kimoyomoyo: katika hizo, ngapi ni za wateja? Hujui. Hata mimi sijui. Anayejua ni aliyepiga, na yeye saa hizi huenda anaongea na mwenzako wa duka la jirani.

Nimeitwa nizungumzie simu ya waya na simu ya intaneti, ipi inafaa biashara ndogo. Nitazungumza. Ila nimefanya kazi ya simu miaka ishirini na sita, kumi na mmoja ya kwanza nikiwa juu ya nguzo na mkanda kiunoni, na watu wengi wanaonifuata huanza na swali lile lile: fundi, ninunue mtambo gani? Wakishanunua ndipo wanaanza kuutafutia kazi. Mimi nataka tuanze kwingine. Simu ya mteja wako inapotelea wapi?

Mnajua nani alibuni mtambo wa simu unaojiunganisha wenyewe, bila mtu wa katikati? Hakuwa injinia. Alikuwa na biashara ya mazishi, mtu wa majeneza. Anaitwa Almon Strowger, wa Kansas City kule Marekani. Zama zile ukitaka kumpigia mtu unamwambia opereta, naye anachomeka waya kwa mkono. Inasimuliwa kwamba Strowger aliona biashara inadorora wakati watu hawajaacha kufa. (Kicheko.) Akaanza kumshuku opereta. Wanasema alikuwa mke wa mshindani wake, na kila mfiwa akimwomba Strowger, mama anamchomeka kwa mumewe. Iwe kweli, iwe imetiwa chumvi, hataza aliipata Machi 1891, na mwaka uliofuata mtambo wake ukawashwa katika mji wa La Porte, Indiana. Vituo vya simu duniani vilitumia mitambo ya ukoo huo kwa miongo mingi. Kisa ni muuza majeneza aliyejiuliza simu zake zinakwenda wapi.

Haya. Tuanze na simu ya waya, maana ndiyo niliyoizeekea.

Simu ya mezani ni nyaya mbili nyembamba za shaba, kutoka dukani kwako hadi kituo cha simu. Zile mbili ni zako peke yako. Na kule kituoni kuna chumba cha betri, betri kubwa kubwa, zinazosukuma volti 48 kwenye waya wako usiku na mchana. Ndiyo maana ile simu haikuwa na plagi ya umeme. Mliwahi kujiuliza? Umeme ukikatika mtaa mzima, yenyewe inaita.

Kuna zahanati moja huku njia ya Moshi, niliitwa niwafungie simu za intaneti. Ilikuwa wakati wa mgao wa umeme, ule wa mwisho wa 2023 kuingia 2024. Nikakuta mezani simu ya rangi ya krimu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama ya ukweni. Nikataka kuing'oa. Muuguzi mkuu, mama wa makamo, akaweka mkono juu yake. "Baba, hiyo usiiguse." Akanieleza kwamba wiki iliyotangulia umeme ulikatika tangu jioni, jenereta ikagoma, ruta ikazima, simu za mkononi zikabaki zinatafuta mtandao, mnara wa karibu nao ulikuwa umeishiwa betri. Saa nane usiku kilichoita ni kile kikrimu. Mjamzito yuko njiani, wajiandae. Sikuing'oa. Mpaka leo ipo, na kitambaa chake.

Basi mtaniuliza, fundi, kama ni nzuri hivyo kwa nini wewe mwenyewe uliiacha?

Kwa sababu nimezifungua zile nyaya, nimeona kilichomo. Masika yakianza, mteja analalamika simu inakwaruza, kama bisi zinapopasukia sufuriani. Unakwenda, unachimba, unafungua kiungio: shaba imeota ukijani, maji ndani, na sisimizi wamehamia na mayai yao. Unakata, unafunga upya, unapaka grisi, unafukia. Mvua ya wiki ijayo unaitwa nyumba ya pili. Na hapo ni kama waya upo. Wezi wa shaba wanakata mita mia mbili usiku mmoja, asubuhi ziko kwenye mzani wa vyuma chakavu. Mteja wangu mmoja alikaa siku kumi na nane bila simu, akisubiri waya ambao ulishayeyushwa.

Halafu waya mmoja, mazungumzo mamoja. Wewe ukiwa unaongea na mwenye nyumba kuhusu kodi, mteja anasikia tuu-tuu-tuu. Hapigi tena huyo.

Na dunia nayo inaihama. Uingereza walipanga kuzima simu za shaba mwisho wa 2025, wakasogeza hadi Januari 2027, sababu kubwa ikiwa wazee wenye vifaa vya kuita msaada vilivyofungwa kwenye waya ule. Kwa hiyo ukiambiwa jambo hili ni rahisi, kumbuka hata wao wamelisogeza.

Sasa tuambiane ukweli. Wangapi humu mna simu ya mezani dukani? Mmoja, wawili... wanne. Ukumbi mzima, wanne. Kwa wengi wenu basi hayo mashindano ya waya na intaneti hayapo. Simu ya biashara yako ni laini iliyo mfukoni, hiyo hiyo ya kupokelea muamala, hiyo hiyo ya kumpigia shemeji. Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakilia.

Kuna dada mmoja ana ofisi ya utalii. Alianza na gari moja. Siku anaanza, alikuwa na haraka, akamwambia mpwa wake, hebu nisajilie laini ya ofisi. Kijana akaenda, akatoa kitambulisho chake, laini ikatoka. Ile namba ikachorwa kwenye milango ya Land Cruiser tatu. Ikachapwa kwenye vipeperushi. Wageni wakarudi nayo makwao, wengine Ujerumani, wengine Uholanzi, wakawapa ndugu zao. Miaka saba! Mwaka wa nane kijana na shangazi wakakosana, kijana akaondoka na simu, akafungua ofisi yake Moshi.

Dada akaenda kwenye duka la kampuni ya simu. Akaulizwa, laini imesajiliwa kwa jina la nani? Kwa kidole cha nani? Hakuwa na la kujibu. Alikuwa na stakabadhi za rangi ya milango. Wale wageni wa Ujerumani mpaka kesho wanapiga namba ile ile, na anayepokea anawakaribisha vizuri sana. Strowger yule, jamani, opereta wake alikuwa mke wa mtu mwingine. Wetu tunamlea wenyewe nyumbani. (Kicheko.)

Usipobeba kingine chochote leo, beba hiki: laini inaweza kusajiliwa kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za kampuni na namba ya mlipakodi. Jumatatu nenda. Hata kama simu ya intaneti huitaki kabisa, hilo la laini nenda.

Simu ya intaneti inaingia hapo, maana pale namba haikai ndani ya simu ya mtu. Inakaa kwenye mtambo, na mtambo unaamua iite wapi. Leo iite mezani kwa Neema, asipopokea kwa sekunde kumi na tano iite kwa Baraka, Baraka akiwa njiani iite mkononi kwako. Neema akiacha kazi, unafuta jina lake, namba inabaki. Wateja watatu wakipiga kwa pamoja, zinaita tatu.

Inafanyaje kazi? Sauti yako inakatwakatwa vipande, kwa kawaida hamsini kila sekunde. Kila kipande kinapewa anwani, vinasafiri, upande wa pili vinaungwa. Kwa namna inayotumika sana, mazungumzo mamoja hayafiki kilobiti mia moja kwa sekunde, kwenda na kurudi kila upande. Kwa hiyo anayekwambia unahitaji intaneti kubwa sana kwa ajili ya simu, anauza intaneti. Mazungumzo matano hayamalizi nusu megabiti. Intaneti unayotazamia mpira inabeba ofisi nzima.

Shida ni utulivu wake. Video ikikwama, inasubiri, wewe unakunywa maji. Sauti haisubiri. Kipande kikichelewa kinatupwa, na mteja anasikia "bei ni la... na nane elfu". Laki moja na nane elfu, au laki mbili na nane elfu? Ofisi moja walikuwa wanakatikakatika kila siku saa nne asubuhi. Nikaenda mara tatu, kila kitu kizima. Mara ya nne nikakaa mpaka saa nne yenyewe. Kumbe kijana wa masoko saa hiyo ndiyo anapandisha video zake. Kushusha kulikuwa kuna nafasi tele, kupandisha kumejaa pomoni. Nikaweka ruta iipe sauti kipaumbele. Dakika ishirini, kwisha. Kwa hiyo mkipima intaneti zenu, pimeni kupandisha, na pimeni saa ya kazi. Usiku kila mtandao una kasi.

Na wale wenye kambi huko mbugani, mnaotumia dishi la setilaiti ya zamani, mnajua wenyewe. Setilaiti ile iko juu kilomita kama elfu thelathini na sita. Sauti ipande ishuke ni robo sekunde, jibu nalo robo nyingine. Mnaanza kuongea wote, mnanyamaza wote, mnaanza tena wote. Hapo wala si kosa la ruta.

Nani alifanya mitambo hii ikafika bei ya mtu mdogo? Ni mwenye biashara ndogo tena! Mwaka 1999, kijana Mark Spencer wa Alabama alikuwa na kikampuni cha kuwasaidia watu na kompyuta zao. Akahitaji mtambo wa simu wa ofisi, akaona bei, akashika kichwa. Akaamua kuandika programu iifanye kompyuta ya kawaida iwe mtambo. Akaiita Asterisk, akaitoa bure. Mitambo mingi midogo ninayoifunga hapa mjini, ukiifungua tumboni, ndiyo hiyo.

Lakini mimi ninachokipenda kwenye mtambo ni daftari lake. Kila simu iliyoingia inaandikwa: saa ngapi, namba gani, ilipokelewa au la. Mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi aliniita anataka "mtambo kama wa benki", bonyeza moja, bonyeza mbili, na muziki. Nikamwambia, mzee wangu, nikufungie mdogo wa majaribio mwezi mmoja kwanza. Mwezi ukaisha, tukafungua daftari tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya saruji. Simu nyingi zilizopotea ziliingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu asubuhi. Yeye anafungua saa mbili. Mzee akatulia, kisha akacheka mwenyewe. "Mafundi!" Fundi ujenzi akifika saiti alfajiri ndipo anapogundua misumari imeisha. Anapiga. Haipokelewi. Anapiga duka la pili.

Mtambo wa benki hakuununua. Anamlipa kijana anayelala dukani apokee simu kuanzia saa kumi na mbili, aandike oda, bodaboda wapeleke. Niliondoka na pesa kidogo sana siku ile, na ni mteja wangu mpaka leo.

Sasa nikiri kosa langu. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili. Mnaikumbuka? Mikongo miwili ya baharini, zile nyaya zinazotuletea intaneti upande wetu huu wa Afrika, iliharibika siku moja, intaneti nchi nzima ikawa inachechemea. Jumatatu asubuhi mteja wangu mwenye simu kumi na mbili za intaneti akanipigia kwa mkononi. Maneno aliyosema siwezi kuyarudia, kuna watoto humu. Simu zote kumi na mbili zilikuwa bubu. Na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimchagulia huduma ambayo mtambo wake uko Ulaya. Ilikuwa rahisi kuifunga, nikaridhika. Mtu wa Sakina akimpigia mtu wa Njiro, zote za hapa hapa Arusha, sauti inashuka baharini, inakwenda Ulaya, inarudi. Mkongo ukikatika, Sakina na Njiro hawasikilizani! Wakati simu za kawaida za mkononi zilikuwa zinapiga hapa hapa nchini kama kawaida.

Tangu hapo nauliza mambo mawili kabla ya bei. Mtambo uko nchi gani? Na intaneti ikifa, simu inakimbilia wapi? La pili lijibiwe kule kule kwa mtoa huduma, awe na namba yako ya mkononi ya kudaivati, yaani ya kuhamishia simu, iite yenyewe bila wewe kugusa kitu. Ukisubiri kudaivati kutoka kwenye ruta iliyokufa, umechelewa. Na ruta yenyewe iwekee betri ndogo. Haili umeme mwingi, kibetri cha saizi ya tofali dogo kinaisogeza saa kadhaa.

La wizi nitalipitisha haraka, ingawa lilimtoa mtu jasho. Ofisi moja, mtambo una neno la siri 1234, simu za nje ya nchi ziko wazi. Ijumaa usiku wezi wakaingia kwa intaneti, hawakuvunja hata kioo. Hadi Jumatatu mtambo ulikuwa umepiga mamia ya simu kwenye visiwa ambavyo ilibidi tuvitafute kwenye ramani, namba za kulipia ambazo mwizi anapata mgawo. Mwenye ofisi akaniuliza, "Fundi, mimi nina jamaa gani huko?" Fungeni simu za nje kama hamzitumii. Lipeni kabla, kama luku, hasara iwe na kikomo. Na 1234 si neno la siri, ni mlango uliorudishiwa tu.

Pesa je? Bei sizitaji hapa, zikibadilika mtanitafuta. Chukueni matumizi yenu ya miezi mitatu, vocha zote, na zile za mfanyakazi anazodai jioni. Wekeni pembeni na bei ya huduma mnayopewa. Ukiwa na mtu mmoja na laini moja, kwa kweli baki na mkononi yako, isajili kwa jina la kampuni, daftari la misikoli liwe la karatasi. Mkifika watatu wanaopokea simu, au ofisi mbili, au wageni wa nje, hapo intaneti inaanza kujilipa. Mtoa huduma awe na leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, muombeni wiki mbili za majaribio, na simu zenu za zamani msizitupe. Kuna adapta ndogo, unachomeka simu ya mezani nyuma yake, inaongea intaneti.

Nilipofika hapo mama mmoja wa mstari wa mbele, katika wale wanne, akanyoosha mkono. Ana duka la vitambaa, namba yake inaanza na 027, imechorwa ukutani tangu watoto wake wako shule ya msingi na sasa ana wajukuu. Akauliza, "Mwanangu, hii yangu niiache? Si unaweza kuhama na namba?" Nikamweleza kwamba kuhama na namba kulikoanza Machi 2017 ni kwa simu za mkononi. Ya kwake itategemea kampuni aliyonayo itakubali kumhamishia namba kwenye mkongo, aende akaulize kabla hajasaini kitu kingine, na kwa sasa asiikate. Hakuridhika. "Lakini ina faida bado? Nani anapiga mezani siku hizi?"

Nikamwomba namba. Nikaipiga pale pale, simu imewekwa kwenye maikrofoni. Ukumbi kimya. Ikaita mara moja, mara mbili, mara tatu. Mama ameshika mdomo. Mara ya nne ikanyanyuliwa, sauti ya mtoto wa kike, tena ya haraka: "Shikamoo, hapa ni dukani, bibi kaenda kwenye mkutano wa simu. Unataka vitenge au mashuka?"

Nikaagiza mashuka mawili.